Kwa Mama Farida, deni la baba mkwe nalo huandikwa

Saa mbili na robo asubuhi, Goma. Mama Farida Jafari anapangusa vumbi jeusi la lava juu ya meza yake, hatua chache kutoka lango la mahakama ya biashara. Anafungua kompyuta yenye kona iliyobandikwa plasta, kisha anamtazama mwanamume aliyeketi mbele yake, bahasha mapajani.

"Papa Achille, batu bote benye uko na deni yabo, umebaandika?"

"Bote, mama."

Farida anaisoma orodha polepole, kidole kikitembea chini ya kila jina. Majina ni kumi na moja. Anairudisha mezani.

"Jina moja inakosa. Umeandika ulianza biashara na ngombe mbili. Wewe haukuwake na ngombe. Ile ilikuwa ya nani?"

Achille anainamisha kichwa. Anauza vipuri vya pikipiki katika mtaa wa Birere, na tangu barabara ya Bunagana, inayotoka mpaka wa Uganda, ilipofungwa, mzigo wake umekwama na madeni yamefika dola 9,400. Wanaomdai wamemwambia wazi kwamba Ijumaa watakuja kuchukua kiwanja chake, nyumba na vyote vilivyomo. Leo ni Alhamisi. Faili la kuiomba mahakama iwazuie na impangie namna ya kulipa lisipopokelewa kabla ya saa sita mchana, hana tena pa kushika.

"Ni ya baba mukwe," anasema. "Mama, mukwe hawezi kuandika jina ya baba ya bibi yake ku karatasi ya tribinali. Ni haya. Nimebakia na dolari mia ine. Nitamupa kimya-kimya, iishe."

Hapo Farida anafunga kompyuta. Anayemfahamu anajua kwamba akiifunga, maneno yanayofuata ni mazito.

"Hata mimi nilifanya vile," anasema.

Farida ana miaka hamsini na minne. Babu yake alitoka Maniema na biashara kichwani, naye akairithi. Kwa miaka kumi na minane aliuza vitenge na sabuni, akikopa huku ili alipe kule, mpaka siku mambo yakamwelemea. Alikwenda mahakamani kuomba apangiwe namna ya kulipa. Lakini wiki moja kabla, usiku wa aibu zake, alimlipa mdai mmoja tu, dada yake, kwa siri. Waliobaki wakagundua. Ombi likakataliwa, na mpaka friji ikabebwa huku watoto wakitazama.

"Nilizani ni heshima," anasimulia. "Kumbe nilibaibia bengine."

Mtu mwingine angeikimbia mahakama hiyo maisha yake yote. Farida alirudi na meza. Alikaa karibu na makarani, akauliza, akasoma, akauliza tena mpaka wakamchoka, na sasa ni mwaka wa sita anawaandikia watu mafaili. Anatoza dola tano, na asiye nazo hutoa alichonacho. Kwa mwezi hupata kama dola 110, na 30 kati ya hizo ni kodi ya kibaraza anapoweka meza. Si mwanasheria, wala hajidai kuwa mwanasheria. Kesi ikiwa ngumu humpeleka mtu kwa wakili, na humsindikiza mpaka mlangoni asije akageuza njia.

Ushauri wake hautoki kwenye kitabu. Karatasi iliyochanika ilete hivyohivyo, usiitupe. Friji usiihamishie kwa shemeji, kwa sababu jirani anaona na jirani anasema. Na ukishajua huwezi kuwalipa wote, usimlipe mmoja gizani.

"Enda kwa baba mukwe wewe mwenyewe, umuambie jina yake itaandikwa," anamwambia Achille. "Usimupigie simu. Maneno kama hii haipitake ku simu."

Achille anapanda pikipiki kuelekea Katindo, mtaa anaoishi baba mkwe wake. Farida anaendelea na wateja wengine, lakini macho yake yako barabarani. Inapita saa nne. Inapita saa tano. Nakiri mimi, niliyeketi kando nikiandika habari za kazi yake, nilishakata tamaa.

Saa tano na dakika ishirini Achille anarudi, na nyuma yake anashuka mzee mrefu mwenye kofia na fimbo ya mchungaji. Ni Muzee Émile, mfugaji kutoka vilima vya Masisi, ambaye vita vilimleta mjini. Farida anasimama na kumpisha kiti chake.

"Karibu, muzee."

"Ni wewe njo unaandikaka batu?"

"Ni mimi, muzee."

Mzee anakaa. "Basi andika. Émile, ngombe mbili. Usiandike dolari, sikumupa dolari."

Farida anamweleza kwamba mahakama inataka bei. Wanabishana kidogo, mzee akitetea unono wa ng'ombe wake utadhani bado wako zizini. Mwishoni vinaandikwa vyote viwili: ng'ombe wawili, dola 1,100.

"Na hii deni, mimi ningengoja tu," mzee anasema, akimgeukia mkwewe. "Lakini miezi mine haukuje kunisalimia. Na mutoto yangu Julie ukamukataza kuya, na batoto. Nilizani nimewakosea kitu."

Achille analia. Foleni nzima inageuka kutazama. Farida anajifanya anatafuta herufi kwenye kompyuta, ingawa amekwisha kuandika.

Saa sita kasoro dakika nane, karani anagonga muhuri. Hakimu ataamua nini, hakuna anayejua. Lakini orodha ina majina kumi na mawili, na hakuna lililofichwa. Mzee na mkwewe wanaondoka kwa pikipiki moja, kwenda kumwona Julie.

Nikamwuliza Farida anatamani nini kwa kazi yake. Nilidhani atataja kompyuta mpya. Akanionyesha chumba kidogo cha mbao ng'ambo ya barabara. Mwenye nyumba anataka dola 450 za garanti, yaani amana ya kupanga, naye ameweka 260.

"Muzee alikuwa anaongea na mukwe yake, na barabara nzima ikasikia," anasema. "Haikuwa maneno yabo. Mimi nataka chumba ya mulango. Mutu akuye, nifunge, alie kwanza. Kisha tuandike."