Kovu la Pembe ya Ng'ombe

Ndugu zangu, ukweli wa kovu la kifuani mwangu nimeuficha tangu miaka ya tisini. Leo umetoka, na nina furaha kama mtoto!

Mjukuu wangu Kabula, mtafiti, alikuja kunisalimia hapa Kiseke.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Siku hizi mnatafiti nini?"

Akasema wanalinganisha jinsi jeni zinavyofanya kazi ndani ya uvimbe wa saratani ya matiti, wa Watanzania na wa watu wa mataifa mengine.

"Ila mwanaume wa kwetu mwenye saratani hiyo hatujapata hata mmoja. Wanaona aibu."

Nikaanza kufungua vifungo vya shati. (Kwa uzee wangu, ilichukua muda.)

"Mume wangu, usinionyeshe tena kovu la pembe ya yule fahali wa Sengerema!" Kabula akanitania, kama mjukuu na babu yake.

Nikauchukua mkono wake, nikauweka kwenye uvimbe mpya, chini ya kovu.

"Chukueni kipande," nikamwambia. "Mwanaume wenu wa kwanza ni mimi!"

Akalia, akacheka, akanikumbatia.

Ninyi mliosimulia habari za fahali huyo kila Krismasi, semeni neno. Fahali hakuwepo. Nilivuka ziwa kwenda Sengerema kukatwa titi lenye saratani, na sasa imerudi.