Diwani kwa Kura Kumi na Moja

Beryl Ormerod alikubali kugombea udiwani huku ameshika pasi. Ilikuwa mwezi wa tatu, manyunyu yakipiga kioo cha duka la dobi alilofanyia kazi kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na mbele yake palikuwa na suruali ya bwana harusi iliyotakiwa kabla ya adhuhuri. Gareth Pym, kinyozi wa mtaa wa pili na katibu wa chama kidogo ambacho hakijawahi kupata kiti hata kimoja katika manispaa ya Ashenwick, aliegemea kaunta na fomu mkononi.

"Jina tu, Bi Beryl," alisema. "Sikuombi mchango, wala sikutumi kugonga milango ya watu. Nataka tu kila kata iwe na mtu wetu kwenye karatasi ya kura, wasije wakasema tumekufa."

"Na nikishinda?"

Gareth alicheka mpaka akakohoa. "Umshinde mzee Haslam? Pale Tenter Hill? Pale hata paka wanampigia yeye."

Beryl naye akacheka. Akaiweka pasi pembeni, akatia sahihi, akarudi kwenye suruali yake. Miaka miwili kabla ya hapo Gareth alikuwa akija nyumbani kumnyoa mumewe Desmond alipovunjika nyonga, na hakuwahi kukubali hata kikombe cha chai. Kumnyima sahihi kungekuwa uchoyo.

Clifford Haslam alikuwa diwani wa Tenter Hill kwa miaka ishirini na saba. Zamani alikuwa dereva wa basi, na hadi uzeeni alitembea kama mtu anayefuata ratiba: saa mbili dukani kununua gazeti, saa tatu kwa mwenye paa linalovuja, saa nne kwa mjane anayesumbuliwa na majirani. Karibu kila nyumba ilikuwa na jambo la kumshukuru. Mama yake Beryl alipoanza kusahau njia ya nyumbani, Clifford ndiye aliyezunguka ofisi hadi ofisi mpaka akampatia nafasi katika nyumba ya wazee iliyokuwa karibu, ili Beryl aweze kumwona kila siku kwa miguu. Siku ya mazishi alisimama mlangoni mwa kanisa akigawa vitabu vya nyimbo, utadhani ni mtoto wa marehemu.

Tangu mkewe Maud afariki, baraza ndilo lililokuwa likimtoa kitandani. Beryl alilijua hilo kwa jicho la dobi. Mzee alileta suti yake ya buluu kila kikao kilipokaribia, na siku hizi alileta hata mashati na foronya, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumfulia.

Lakini msimu ule watu walikuwa na hasira. Chama kikubwa, chama cha Clifford, kilikuwa kimelifunga bwawa la kuogelea la mji, bwawa la ndani ambamo vizazi vitatu vya Ashenwick vilijifunza kuogelea. Paa limeoza, walisema, na matengenezo hayawezekani. Watu wakaandamana, wakaandika magazetini, wakabandika karatasi madirishani. Kisha wakatulia. Wangojao kulipiza kisasi hutulia.

Siku ya kura, Alhamisi, Beryl aliingia ukumbi wa kanisa akitoka kazini. Kwenye kibanda aliliona jina lake limechapwa, akashtuka kama mtu aliyekutana na picha yake ukutani kwa polisi. Akachukua penseli, akaweka alama mbele ya jina la Clifford Haslam, akaikunja karatasi, akatoka.

Desmond alikuwa amekwisha kupiga kura asubuhi. "Nimempigia mke wangu," alisema wakati wa chakula. "Kwani nimpigie mke wa nani?"

"Mjinga wewe," Beryl akamwambia, na wote wawili wakacheka. Ndicho kicheko chao cha mwisho kuhusu habari ile.

Kesho yake, saa nne na nusu asubuhi, simu ya duka ililia. Alikuwa Gareth, na sauti yake haikuwa ile ya kinyozi.

"Vaa koti la maana, uje ukumbi wa michezo. Sasa hivi."

"Nina mapazia ya watu hapa."

"Beryl, achana na mapazia!"

Ukumbini, chini ya vikapu vya mpira vilivyokunjwa juu, makarani walikaa kwenye meza ndefu wakipanga kura katika vifungu vilivyobanwa kwa vipande vya mpira. Kwenye meza ya Tenter Hill vifungu vya safu mbili vilikwenda sambamba, kimoja hapa, kimoja pale. Clifford alikuwa amesimama hapo, ua la utepe wa chama chake limemkaa kombo kifuani. Alipomwona Beryl alitabasamu.

"Binti, umekuja kuninyoosha kola?"

Beryl alitaka kujibu mzaha kwa mzaha, lakini aliona kwamba macho ya mzee hayakuwa kwake. Yalikuwa kwenye meza, yakisoma vifungu.

Wakahesabu, tofauti ikawa kura kumi na moja. Watu wa chama kikubwa wakadai hesabu irudiwe. Ikarudiwa, na kura zikabaki zilezile kumi na moja. Msimamizi wa uchaguzi akapanda jukwaani na kusoma bila kupandisha wala kushusha sauti: Haslam, Clifford James, mia sita thelathini na moja. Ormerod, Beryl Ann, mia sita arobaini na mbili.

Kundi lililokuwa nyuma likapiga makofi na miluzi. Sauti moja ya kiume ikapaa: "Haya Haslam, kaogelee sasa!" Watu wakaangua kicheko. Clifford hakugeuka. Alimpa Beryl mkono, mkono baridi kama uliotoka kwenye maji.

"Hongera," alisema. "Diwani."

Beryl aliposogezewa kipaza sauti alisema maneno mawili tu: "Asanteni. Samahanini."

"Mshindi haombi radhi!" Gareth alimnong'oneza huku akimvuta mkono. Alikuwa akilia kwa furaha, maskini, chama chake kimepata kiti cha kwanza tangu kizaliwe.

Jumatatu ilipofika, wateja waligawanyika. Wengine walimwita mheshimiwa kwa utani. Wengine waliweka nguo kaunta bila salamu. Bi Speight, aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwa Clifford, hakuficha la moyoni.

"Shukrani ya punda mateke," alisema akipokea koti lake. "Nani alimhangaikia mama yako?"

"Mimi sikutaka, Bi Speight. Niliombwa jina."

"Jina lako si mwavuli wa kumwazima kila anayeomba."

Suti ya buluu ilikuwa bado inaning'inia dukani. Clifford aliileta Jumatano, siku moja kabla ya kura, ili aivae kwenye kikao cha kwanza cha baraza jipya, na hakuja kuichukua. Jumapili iliyofuata Beryl aliibeba mwenyewe hadi kwake. Mzee alifungua mlango akiwa na fulana na ndara, hajanyoa. Alimkaribisha jikoni, akaweka birika motoni, akatoa biskuti zilizolainika kwa kukaa.

"Nimekuja kukwambia najiuzulu," Beryl alisema kabla chai haijamiminwa. "Nitaandika barua kesho. Uchaguzi utarudiwa, nawe utasimama tena."

"Usiandike chochote."

"Mzee Clifford, kiti hiki si changu."

"Ni chako. Mimi watu hawanitaki. Unataka niende kuwauliza mara ya pili?"

"Walikosea. Wewe hukulifunga bwawa lile."

Clifford alimimina chai, akazungusha kijiko kikombeni. "Nililifunga," akasema. "Kwenye kikao cha chama, milango imefungwa, nilipinga mpaka nikaitwa mkorofi. Kisha tukatoka mbele ya watu, nami nikanyoosha mkono pamoja na wenzangu. Miaka ishirini na saba, Beryl, nilikuwa nikiwaambia watu niko upande wao. Siku ile niliwapa mgongo, na wao wameniona. Hawakukosea sana."

Hapo Beryl akafanya jambo alilolijutia baadaye. Alidhani litamfariji. "Mimi mwenyewe nilikupigia wewe," akasema. "Naapa."

Mzee alimtazama, kisha akacheka kicheko kikavu.

"Kwa hiyo nimeangushwa na mtu ambaye hata yeye mwenyewe hakujipa kura," alisema. "Ungeniachia angalau nidhani nimeshindwa na anayekitaka kiti."

Akanyanyuka, akaitundika suti nyuma ya mlango, akamshukuru kwa kuileta. Chai ya Beryl ilikuwa bado nusu.

Barua hakuiandika. Alikula kiapo cha udiwani, akapewa kabati la majalada na simu ambayo haikumpa nafasi ya kula. Mapipa hayajazolewa. Mti umeangukia ua. Jirani anapiga ngoma. Dukani alipunguziwa siku za kazi, nyumbani Desmond alijifunza kupasha chakula peke yake. Walewale waliomchagua kwa ajili ya bwawa walimjia kila Jumamosi: lini litafunguliwa? Alisimama barazani mara tatu kulisema. Mara ya tatu mwenyekiti alimwambia kwa upole kwamba mkataba wa kulibomoa umekwisha kutiwa sahihi tangu kabla ya uchaguzi. Mwezi wa kumi mashine zikaja. Watu walisimama kando ya uzio wakitazama vigae vya kijani vikigeuka kifusi, na mwanamke mmoja akamwambia Beryl bila hata kukasirika, "Na wewe ni walewale tu."

Clifford alihama kabla ya Krismasi. Binti yake, Rosalind, alikuja kutoka pwani ya mashariki na gari la kukodi, akampakia pamoja na kiti chake na picha za Maud. Beryl alivuka barabara kuaga. Mzee alikuwa amekwisha kukaa mbele, mkanda umefungwa, akitazama mbele kama enzi za basi. Alipunga mkono, lakini kioo hakukishusha.

Rosalind alipiga simu mwezi wa tatu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejizuia kwa makusudi.

"Baba amefariki wiki mbili zilizopita, Bi Ormerod. Tumekwisha kumzika. Alitaka wachache tu."

"Pole sana, mwanangu. Aliugua?"

"Daktari alitaja moyo. Mimi nilichokiona ni kwamba aliacha kuamka asubuhi. Nilikuwa namwambia, Baba, toka ukatembee, naye ananiuliza, niende kwa nani? Sikupigii simu kukulaumu. Naomba tu baraza lijue."

Baraza likajua. Kikao kilichofuata madiwani wote walisimama dakika moja, na Meya, mgeni katika kiti chake, akamwita marehemu Clifton. Hakuna aliyemsahihisha isipokuwa Beryl, naye alisema jina sahihi kwa sauti ndogo iliyosikiwa na wawili watatu waliokuwa karibu. Meya akamwomba, kama diwani wa kata ya marehemu, aseme machache.

Alikuwa ameandaa ukurasa mzima. Humo mlikuwa na mama yake, na nyumba ya wazee, na vitabu vya nyimbo mlangoni mwa kanisa. Aliinuka, akaiangalia karatasi, akaona haki ya kuyasoma maneno yale hana.

"Alikuwa diwani wetu," alisema, akakaa.

Meya akangoja kidogo, akidhani kuna zaidi. Alipoona hakuna, akashukuru, akafungua ukurasa, na kikao kikaendelea na ajenda ya pili, inayohusu maegesho ya magari.