Wakili wa Mama Mkuu

Saa mbili na nusu asubuhi, miezi miwili iliyopita. Mashine tatu za kufulia zinanguruma kwa pamoja, sakafu imelowa, na shuka la kwanza la siku linatoka kwenye mashine ya kukaushia likiwa bado la moto. Mwanamke wa miaka hamsini na minne analikamata pembe mbili. Mwenzake, aliyesimama hatua tano mbele yake, anakamata pembe mbili zilizobaki. Wanalikung'uta, wanalivuta, wanasogeleana.

"Jana umemwona mama yako?" anauliza mwenzake pembe zinapokutana.

"Nimemwona. Na haki ilikuwa yake."

"Haki gani! Mtu kamnyima binti wa watu hata pa kukaa!"

"Kasri lake, viti vyake. Wewe ulitaka amkalishe kichwani?"

Shuka limekunjwa. Wanachukua jingine, na ugomvi unaendelea pale ulipoishia.

Anayegombewa hayumo humu, wala hajawahi kukanyaga chumba cha kufulia cha hospitali yoyote. Ni Mama Mkuu, mama yake Sultani, katika tamthilia ya maisha ya kasri la masultani wa Uturuki wa zamani, iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Kwa miaka miwili imekuwa ikirushwa kila jioni, na kila asubuhi madobi hawa wanaianika upya pamoja na mashuka.

Kisa chenyewe si kigumu. Mdogo wake Sultani alimpenda mjakazi aliyekuwa akiwasha taa za kasri. Mama Mkuu, aliyekuwa amemchagulia mwanawe binti wa ukoo mkubwa, akapandisha mashetani, na vijana wakaondoka kasrini na kanzu walizovaa. Kilichofuata ni vipindi karibu mia saba vya machozi, barua na milango inayofungwa taratibu.

Watazamaji wana kundi lao kwenye simu, lenye watu mia mbili na kumi na sita, na kiongozi wake ni kinyozi mmoja asiyetaka mchezo. Humo kila mtu ana cheo. Yuko Towashi, yuko Mpishi wa Sultani, wako masuria watano. Dobi wetu anajulikana kama Wakili wa Mama Mkuu, maana ndiye pekee anayemtetea yule mama. Jina limemfuata hadi kazini. Hata wauguzi wanaoleta vikapu vya nguo chafu wanamwita Wakili.

Na wakili yeyote ana wa kupambana naye. Huyu wa kwake anajiita Mwasha Taa. Wakili anaandika, Mwasha Taa anajibu kwa sauti. Wakili anachokoza, Mwasha Taa anawaka. Kundi zima hukaa pembeni na kucheka.

Ambacho kundi zima halikukijua, kwa muda wote huo, ni kwamba Mwasha Taa ni binti yake wa kumzaa.

Wakili ana miaka kumi na tisa katika chumba hiki. Anasimama saa tisa kwa siku, mashuka mia nne na zaidi, bila kuhesabu foronya, gauni za wagonjwa na vitambaa vya kijani vya chumba cha upasuaji. Miguu ikivimba anavua viatu na kusimama juu ya taulo kuukuu. Mshahara unakwenda kwenye kodi na nauli, na kinachobaki kinanunua bando. Ukimuuliza kuhusu kazi, anaongea kama mwalimu.

"Damu inataka maji baridi. Ukiiwahi na maji ya moto umeipika humohumo kwenye nguo, haitoki tena."

Mume alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Alimlea binti peke yake, akamsomesha, na akiwa amejiinamia kwenye beseni akamtafutia mume kichwani mwake.

"Nilitaka daktari," anasema, bila aibu. "Mtu ukifua makoti ya madaktari miaka yote hiyo, unajiona mko ukoo mmoja."

Binti akamletea fundi wa magari. Kijana alikuja na adabu zake zote, lakini alitokea gereji moja kwa moja, na alipoinuka kwenye kochi aliacha doa la oili sawasawa na kiganja chake.

"Doa nililitoa siku ileile, mimi si dobi bwana? Kichwani ndiyo lilikataa."

Harusi ilifungwa bila yeye. Mwaka ukapita kimya. Kisha Jumamosi moja wakaja kubisha hodi, binti yake, mkwe, na mtoto wa miezi mitatu mikononi mwa baba yake. Kilichotokea pale mlangoni Wakili amewasimulia majirani na wenzake kazini kwa maneno yaleyale mara nyingi mno: "Nilimwambia pita, akageuka akaondoka. Sasa mimi nifanyeje?"

Ni miaka mitatu sasa. Binti alibadilisha namba, wakahama mtaa. Wakili alikuja kumsikia tena katika chumba hikihiki.

Anayekunja naye mashuka anaitwa Wifi, jina ambalo ukiliandika linasomeka kwa namna mbili, na zote mbili zinamfaa. Ameolewa na kaka wa msimamizi wa zamu, na simu yake ndiyo inayogawa mtandao kwa chumba kizima. Wifi ndiye aliyemwingiza Wakili kwenye kundi, kwa laini mpya aliyomnunulia. Wiki ya pili, wakiwa katikati ya shuka, simu iliyokuwa mezani ikafungua ujumbe wa sauti wa mtu aliyekuwa akimtukana Mama Mkuu.

"Kabla ya kuongea huwa anavuta pumzi, kama mtu anayetaka kupiga mbizi," anasema Wakili. "Tangu mdogo. Nilisikia ile pumzi tu, hata neno halijatoka, nikajua ni wangu."

"Akaachia shuka," anadakia Wifi. "Nikadhani limemuunguza. Nikamgombeza!"

Hakumwambia Wifi. Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba binti akijua, atatoka, na kwenye kundi mtu akitoka haagi. Panaandikwa tu kwamba ametoka, basi.

Kwa hiyo akafanya alichoweza. Aligundua mapema kwamba akimuunga mkono Mwasha Taa, anajibiwa na kakidole kamoja ka kupongeza. Lakini akimtetea Mama Mkuu, akaandika kwamba mjakazi ajue nafasi yake, binti anashika simu na kuongea dakika mbili, tatu, siku nyingine nne.

"Mimi mwenyewe Mama Mkuu simpendi hata kidogo," anasema, akicheka na kupangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Yule mama ana roho ngumu kama jiwe la kusugulia miguu. Lakini nikimwacha, nitamsikia wapi mwanangu?"

Amezihifadhi sauti zote, mia tatu na kumi na mbili. Simu ilipolalamika kwamba imejaa, alifuta picha zake mwenyewe, picha za harusi za watu, hata za sherehe ya kumuaga mkuu wa hospitali. Sauti hakugusa.

Nyuma ya maneno ya binti alikuwa akimsikiliza mtu wa pili. Mwanzoni kilikuwa kilio. Baadaye kikawa kicheko, kisha vijiko vikigongwa kwenye sufuria, kisha siku moja, katikati ya hoja nzito kuhusu urithi wa kiti cha Sultani, kasauti kakasema: "Mama, maji."

"Nilirudia hapo mpaka chaji ikaisha. Mjukuu wangu anaomba maji, na mimi siwezi kunyanyuka nimpe."

Ndivyo walivyoishi miaka miwili, mama na mwana, wakitukanana kwa ajili ya watu wasiokuwapo. Na pengine wangeendelea hivyo, kama mwezi uliopita kinyozi asingetangaza kwamba tamthilia imebakiza vipindi vitatu, na kwamba kipindi cha mwisho kikiisha analifunga kundi. Atakayetaka atamfuata kwenye kundi jipya, la tamthilia ya wachimba dhahabu.

Wakili alitafuta kumbukumbu zote, hakupata siku hata moja ambayo binti yake alijali habari za dhahabu. Kundi likifungwa, sauti imekwenda.

Vipindi vitatu vikawa viwili. Katika kile cha kabla ya mwisho, Mama Mkuu ni mgonjwa kitandani, na waliofukuzwa wamerudi. Mlango wa chumba chake unafunguliwa. Wamesimama watatu kizingitini: mwanawe, yule mwasha taa, na mtoto mikononi mwa mama yake. Mama Mkuu anawatazama muda mrefu, kisha anasema neno moja.

"Pita."

Kipindi kikaishia hapo. Kesho yake asubuhi kundi likawaka moto.

Ugomvi ulikuwa juu ya silabi. Towashi aliandika kwamba waliotafsiri wamechemka, kwa sababu watu watatu huambiwa "piteni". Mpishi wa Sultani akajibu kwamba mgonjwa hana nguvu za kumalizia maneno. Suria mmoja akasema huenda kwa lugha yao ni neno lilelile. Kufikia saa nne ujumbe ulikuwa umepita mia moja, na Wakili, kwa mazoea, akaandika utetezi wake: Mama Mkuu amemkaribisha mwanawe, mnataka nini zaidi?

Mwasha Taa akajibu. Wifi aliweka sauti juu ili chumba kizima kisikie. Ikaanza ile pumzi.

"Jamani, msiwasingizie watu wa tafsiri. Neno liko sawa kabisa. Mimi nimeshaambiwa hivyohivyo. Nimesimama mlangoni kwetu, mume wangu kambeba mtoto, naambiwa 'pita'. Nikasubiri, nikasema labda kuna kitu kinafuatia. Hakuna kilichofuatia. Sasa unapitaje, mwenzio na mtoto wako unawaacha nje? Nikarudi na wenzangu. Wakili, usinidanganye. Yule mama kuhesabu anajua. Amewaona wote watatu."

Wakili alikuwa ameshika pembe mbili za shuka. Hakuliachia safari hii.

"Miaka mitatu najisifu kwamba nilimkaribisha," anasema sasa. "Nilimwambia pita. Si uongo, nilimwambia. Na nilijua ninachokifanya. Ile 'ni' ilikuwa hapa, kwenye ulimi, nikaimeza. Nilitaka aingie yeye, yule mwingine abaki na gereji yake. Hata mtoto sikumtazama, kwa kuwa alikuwa kwenye mikono ile."

Wifi anakumbuka upande wake. "Namwambia, Wakili vuta, shuka linaburuta chini. Hasikii. Mara kaweka shuka, kachukua simu, ananiuliza, 'Ya kuongea unabonyeza wapi?' Mtu miaka miwili hajawahi kutuma sauti!"

Jaribio la kwanza alilegeza kidole mapema. Kundi likapokea sekunde mbili za mngurumo wa mashine. Kinyozi akauliza kama Wakili anasafiri kwa ndege.

Jaribio la pili lilikuwa la sekunde nne. Bado lipo kwenye simu, na anakubali kuliweka lisikike. Mashine zinanguruma, mtu anakohoa, kisha: "Piteni. Piteni nyote, mwanangu."

Kundi lilivunjika mbavu. Wakili ameigiza kumshinda Mama Mkuu mwenyewe! Wakili amehamia upande wa pili! Towashi akadai apewe cheo kipya. Zikamiminika picha za kucheka, za makofi, za taji. Wifi naye alikuwa akicheka, mpaka alipogeuka akamwona mwenzake ameketi juu ya kikapu cha nguo chafu, mahali ambapo hakuna dobi anayekaa. Hapo ndipo alipoambiwa.

Mwasha Taa hakujibu. Siku hiyo hakujibu, wala iliyofuata. Kipindi cha mwisho kikarushwa, na Wakili hakukitazama. Hadi leo hajui yaliyompata Mama Mkuu, na amemkataza Wifi asimsimulie. Kila baada ya mashuka kumi alifuta mikono na kuangalia kama pameandikwa kwamba fulani ametoka. Hapakuandikwa.

Siku ya tatu, saa chache kabla kinyozi hajafunga kundi, ujumbe ukaingia. Haukupitia kwenye kundi. Ulikuja kwake mwenyewe.

Ni wa sekunde kumi na moja. Mwanzoni inasikika sauti yake Wakili, mbali kidogo, ikichezwa kwenye simu ya mtu: piteni, piteni nyote, mwanangu. Kisha sauti ya mtoto, safi, ya kudadisi: "Mama, huyo nani anatuita?"

Pumzi inavutwa.

"Ni bibi yako."

Basi. Hakuna salamu, hakuna siku, hakuna ahadi. Wakili alijibu kwa kuandika mahali anapokaa, ingawa nyumba ni ileile, na hakuongeza kitu.

"Simuulizi wanakuja lini," anasema. "Nilimsubirisha mimi, na mimi nikae nisubiri kidogo."

Lakini amekwenda kwa msimamizi wa zamu. Amebadilishana na wenzake kazi za Jumamosi zote hadi mwisho wa mwaka, yeye akichukua zamu zao za Jumapili, ambazo kila mtu huzikimbia. Jumamosi iliyopita alishinda nyumbani, na hakuja mtu. Hii inayokuja atashinda tena.

Anakamata shuka jingine, anarudi nyuma hatua tano, na Wifi anavuta upande wake.

"Wakibisha hodi," anasema, "nitaitikia nikiwa hukohuko jikoni. Sisubiri nifike mlangoni."