Rozi Kwenye Mlima wa Waitaliano

Harufu ya rangi mbichi juu ya mbao zilizotoka kukatwa hunirudisha Doha kila mara. Juzi fundi alikuja kunitengenezea rafu za jikoni, na kabla hajamaliza ya pili nilikuwa nimeshaketi sakafuni nikicheka peke yangu. Akaniuliza kama nimepata habari njema. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka ng'ombe. Alinitazama kidogo, kisha akaendelea na kazi yake.

Basi niwaeleze ninyi, maana fundi hakuwa na muda.

Tulikaa mtaa wa Al Mansoura, juu ya duka la Mhindi aliyeuza viungo na kadi za simu. Mama alikuwa muuguzi, Baba alishughulikia kompyuta uwanja wa ndege kwa zamu, na mimi nilikuwa na miaka tisa na mdomo uliowachosha watu wazima. Mdogo wangu Baraka alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, mzito kama gunia la unga. Na kila Ijumaa alikuja Anko Wekesa.

Anko Wekesa alikuwa wa ukoo wa Mama, kutoka miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kenya, kwa hiyo kwetu alikuwa mjomba na hapakuwa na maswali. Alifanya kazi ya rangi katika kampuni iliyojenga mabanda ya maonyesho, akilala na wenzake wengi katika kambi ya kampuni nje ya mji. Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yake ya pekee. Aliimaliza mezani kwetu, akila chapati za Mama na kuongea Kibukusu, lugha ya kwao, mpaka moyo umtulie. Hata akioga vipi, bado alinukia rangi.

Majira ya baridi mwaka ule, kampuni yao ilipewa kazi ya kujenga mlima. Mji mmoja mdogo wa milimani huko Italia, ambao Mama alijaribu kulitamka jina lake akashindwa, ulitaka watu wa Doha waende kuutembelea. Ukatuma vitu vyake vioneshwe katika jengo kubwa la maduka: vinyago vya mbao, jibini, kengele za ng'ombe, hata kibanda kile kinachopandisha watu mlimani kwa waya. Anko alikabidhiwa picha na ukuta mzima wa mbao, akaambiwa auchore mlima wenyewe.

Alitusimulia kila Ijumaa. Kulikuwa na maporomoko ya maji, kanisa dogo la mawe, na njia ndefu ambayo watu waliipanda kwa starehe tu. "Wanapanda huko juu na hawarudi hata na kuni," alisema, akishangaa kwelikweli. Halafu kulikuwa na sikukuu ya kuwateremsha ng'ombe kutoka malisho ya juu baridi ikianza, wakiwa wamevishwa mataji ya maua.

"Ng'ombe na maua!" Mama alicheka hadi akashika meza. "Wangemwona Rozi wa mamako."

Rozi, ng'ombe wa mama yake Anko kule kwao, alikuwa na pembe moja iliyopinda ikamwangukia jichoni, kama kofia iliyovaliwa vibaya. Ijumaa iliyofuata Anko aliniinamia sikioni akanong'ona kwamba kati ya ng'ombe wa Waitaliano ameweka mmoja wa kwao, na pembe yake, na taji lake la maua. "Usimwambie mtu," akasema. "Utanipeleka nikawaone watu wakimtazama."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mlima uliposimamishwa, ukumbi ulikuwa umefungwa na taa zimezimwa. Ulipofunguliwa, Anko alikuwa kazini kwingine siku zote isipokuwa Ijumaa, na Ijumaa jengo lile lilikuwa la familia tu. Wanaume waliokuja peke yao, ambao kila mtu aliwaita mabachela, walirudishwa mlangoni, hasa wenye viatu kama vya Anko. Alijaribu mara moja, akarudishwa. Akatuambia si kitu. Lakini siku hiyo alikula chapati moja tu akasukuma sahani, na mimi nikajua ni kitu kikubwa. Mlima ungebomolewa baada ya wiki chache, na waliopangiwa kuubomoa ni yeye na wenzake.

Ijumaa ya mwisho Mama alivaa nguo yake ya kanisani. "Leo tunaenda sisi wote," akasema. Baba alikuwa kwenye zamu.

Mlango mkubwa ulikuwa na mlinzi kijana, Mganda, sare imempita kimo. Kifuani palikuwa pameandikwa jina lake, Moses.

"Karibu madam, karibu watoto," alisema, kisha akanyoosha mkono mbele ya Anko. "Huyu bwana, pole. Leo ni family tu."

"Ni ndugu yangu," Mama akasema.

"Baba mmoja, mama mmoja?"

"Ukoo mmoja."

"Madam, mudir, bosi wetu, anasema family ni bwana, bibi na watoto. Khalas, basi."

"Huyo mudir wako ndiye aliyenizaa?" Mama aliweka mkoba chini, na mimi nikajua vita vimeanza. "Kwenu Uganda ndugu wa mama analala nje na mbuzi?"

"Dada, si mimi. Ni kazi."

Foleni ilianza kurefuka nyuma yetu. Namjua mama yangu: angebishana mpaka magharibi, na angeshinda hoja zote, na Anko angebaki nje vilevile. Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo ambalo watu wazima hawakuliona. Baba akienda madukani peke yake, walinzi walimuuliza kitambulisho. Akiwa amembeba Baraka, hawakumuuliza hata jina.

Nikamtoa Baraka kwenye kigari chake, nikamvuta Anko mpaka upande wa maegesho. "Mbebe begani," nikamwambia.

"Wewe mtoto, utaniletea balaa."

"Mbebe!"

Aliogopa, nililiona hilo. Mtu wa hali yake aliweza kurudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo. Alitazama mlango, akanitazama mimi, kisha akamnyanyua Baraka mara moja tu, akamkalisha shingoni na kumshika vifundo vya miguu. Baraka akayadaka masikio yake kana kwamba ni mali yake. Mimi nikashika kidole cha Anko, tukaenda.

Mlinzi wa mlango wa maegesho alikuwa Mnepali. Aliufungua mlango wote wazi. "Welcome, sir," akasema. Nadhani Anko nusura ageuke kuangalia aliyeko nyuma yake.

Mlima ulikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiri. Taa ziliuangaza kutoka chini, maporomoko yakawa kama yanashuka kweli, na kengele za ng'ombe zilikuwa zikigongwa na watoto wasiotaka kuziacha. Nilimwona Rozi mara moja. Alisimama mbele ya wenzake, pembe jichoni, taji limekaa upande. Mzee mmoja wa Kiqatari alimnyanyua mjukuu wake na kumwelekezea kidole, yeye hasa, wakacheka wote wawili. Anko hakusema kuwa ni kazi yake. Alisimama tu wima, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Kisha nikamwona Moses anakuja na redio yake mkononi, na Mama nyuma yake akisukuma kigari kitupu.

Moses alimtazama Anko, akamtazama Baraka kule juu, akautazama ukuta.

"Huyu ng'ombe si wa Wazungu," akasema.

"Wa Elgon," Anko akajibu kwa sauti ndogo.

"Mimi natoka upande wa pili wa mlima. Mbale." Akashusha redio. "Mulembe."

"Mulembe," Anko akamjibu. Huko kwao, pande zote mbili, hiyo ndiyo salamu.

Redio ikakoroma, mtu akauliza jambo. Moses akaiinua mdomoni. "Hapa ni family tu, sir," akasema. "No problem." Akaenda kusimama mbali, ametupa mgongo.

Jumamosi Anko aliubomoa mlima kwa mikono yake. Rozi alikwenda na takataka, kwa sababu kambini hapakuwa na ukuta wa kumweka ng'ombe.

Nilipokua nikapata mshahara wangu, niliutembelea mji ule. Maporomoko ni mazuri, kanisa lipo, na njia nimeipanda yote nikarudi bila kuni. Hakuna aliyeniuliza nimekuja na nani. Lakini niliwatazama ng'ombe wao wote, na nasema bila kuomba radhi kwamba mlima wao umepungukiwa.

Ni kule, nikiwa nimekaa juu ya jiwe, nilipoelewa. Anko Wekesa alikuwa na mke, Nafula, na watoto watatu. Nilijua majina yao, niliwaombea kabla ya kula. Mdogo wao alikuwa rika moja na Baraka, alizaliwa baada ya baba yake kuondoka, na mikono ile ilikuwa haijawahi kumbeba. Na bado sote tulimwita bachela, hata mimi.

Watu nikiwasimulia husema, kumbe mliwadanganya walinzi. Hatukumdanganya mtu. Mlango ulitaka mwanamume mwenye familia, na ndiye tuliyempitisha.