Wana Maneno, Hawana Amri

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, hufundisha Kiingereza sekondari hapa Itigi. Jioni moja alikuwa anasahihisha madaftari mezani, nami nachambua maharage upande wa pili. Nikamsikia anacheka.

"Kuna nini?"

"Mama, nimewapa neno 'dissuade' watungie sentensi. Huyu anasema polisi walifanya hivyo kwa mwizi, kwa pingu."

Kiingereza changu ni cha darasa la saba, nikamwomba anieleze kosa. Akaweka kalamu. Akasema neno hilo ni kumgeuza mtu nia kwa maneno, mpaka aache mwenyewe alilokusudia. Kumfunga ni neno jingine. Kumwamuru pia ni jingine.

"Na ukisema naye asikubali?"

"Basi neno halijatimia, mama. Utakuwa umejaribu tu."

Mkono wangu ulisimama kwenye maharage. Wiki ile shemeji yangu alikuwa amekuja mara tatu. Marehemu mume wangu aliniachia mizinga tisa ya nyuki huko vichakani, na shemeji alitaka niikabidhi kwake, kwa kuwa kwetu mwanamke hapandi mti wa mzinga. Mara ya kwanza alinitisha kwa nyoka. Ya pili alinihurumia, eti nimechoka, nipumzike nisali. Ya tatu alinicheka: "Shemeji, kwa umri huo utadondoka kama papai!"

Kumbe katika yote hayo hakuwa na amri. Alikuwa na maneno, na wa kuyatimiza nilikuwa mimi. Nilimshukuru Mungu palepale, sahani ikiwa mapajani.

Alipokuja mara ya nne nikamkaribisha uji, akanywa, akaanza tena.

"Mti mrefu ule, shemeji."

"Nani kasema napanda? Mizinga ndiyo itashuka."

Mwanangu aliishusha kwa kamba, mmoja baada ya mwingine. Tukaitundika kwa waya kati ya miti miwili miwili, usawa wa kifua changu, ili nyegere, yule mnyama mwizi wa asali, asifike na mimi nifike. Nikaipaka nta ya kuwavuta nyuki kwa mikono yangu. Wanaume waliopita na baiskeli walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama ninaanika nguo. Nikamjibu ndiyo, na yake alete.

Kosa nilifanya. Mzinga mmoja niliutundika karibu na kichuguu. Nyegere alipanda kichuguu kama mtu anayepanda ngazi, akifuata harufu ya nta, akaupasua. Shemeji alinifikishia habari mwenyewe, ameshika kipande cha gogo la mzinga kama hakimu mwenye ushahidi.

"Sasa umeamini? Nipe hiyo minane iliyobaki."

"Nimeamini kwamba kichuguu kiko karibu."

"Wewe mama ni mbishi!"

"Niombee, shemeji. Lakini mizinga siitoi."

Sitaficha kwamba nililia alipoondoka. Ule uliopasuliwa ndio mume wangu aliouchonga mwaka tuliooana. Nililia, nikasali, kisha nikachukua jembe nikakivunja kile kichuguu. Kilinichukua siku mbili. Mkwe wangu aliniambia nimwachie mumewe kazi hiyo. Nikamwambia hata yeye sasa anajaribu, akacheka akaniletea maji.

Mvua zilipokuja nyuki waliingia mizinga mitano. Mitatu bado mitupu. Naisubiri, sina haraka na kazi ya Mungu. Nilipovuna asali, sehemu ya kwanza niliipeleka kanisani, na chupa moja nikampelekea shemeji. Aliilamba kidoleni, akasema ina moshi mwingi. Lakini chupa akabaki nayo.

Siku chache baadaye mke wake alikuja kwangu mchana, amebeba kichwani gogo lililochongwa kuwa mzinga. Nikampokea, nikamuuliza mume wake amesemaje.

"Amesema mengi," akajibu, akaketi chini na kuanza kunyoosha waya.