Sifa za Fundi Baiskeli wa Munanila

Evaline nilisoma naye hapa Munanila tangu darasa la kwanza, kwa hiyo mniwie radhi nikimwita Evaline tu, bila udaktari wake. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kulinganisha siasa za nchi mbalimbali na kuuliza kwa nini hii inaendelea na ile inadumaa. Wenzake walilinganisha kwa vitabu. Yeye alirudi kwao. Kwetu ukivuka bonde umeingia Burundi. Udongo ni uleule, mvua ileile, lugha tunaelewana, serikali ndiyo tofauti. Kwa mtafiti hiyo ni asali.

Aliyemsaidia kuliko wote ni Mzee Havyarimana, fundi baiskeli. Mwaka 1972 mama yake alivuka naye mgongoni, akikimbia mauaji. Akakulia hapa, kijiji kikampa shamba, akamwoa Josephina wa Titye. Karatasi hakuwa nayo hata moja, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Evaline alimwambia kila kitu kitabaki siri.

"Baba, jina lako halitatokea popote."

Kweli halikutokea. Kwenye ripoti yake aliandika "Mzee K." Lakini msomi haachi kitu: akaandika kwamba Mzee K. hutengeneza baiskeli, ana vidole vitatu mkono wa kushoto, na hupiga ngoma kanisani. Jina alilifunika, mtu akamwacha uchi.

Mwaka jana aliita watu ukumbini Kasulu awape mrejesho. Nilimsifu kwa hilo, maana watafiti wengi huchota maneno yetu wakapotea jumla. Walikuwapo maofisa, walimu, mapadri na wenyeviti. Evaline akaeleza kwamba Munanila imepiga hatua kwa sababu iliwapokea waliovuka na kuwapa ardhi bila kuwadai karatasi. Akamtoa Mzee K. kuwa mfano, akamsifu wee. Alipofika kwenye ngoma, Melkiadi, mwenyekiti wa kitongoji chetu, akaangua kicheko.

"Eeh! Si Havya wetu huyo! Mnywaji wa pombe yangu!"

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikiwemo. Ofisa mmoja mgeni, aliyehamishiwa huku karibuni, hakucheka. Aliuliza taratibu mzee huyo anakaa wapi. Melkiadi akamwelekeza mpaka mlangoni, tena kwa furaha, akidhani rafiki yake anatafutiwa msaada. Mkutano ulikuwa wa maendeleo, angedhani nini kingine?

Wiki hiyohiyo gari la uhamiaji likaja. Mzee alipandishwa na nguo zake za kazi, mikono imejaa grisi, akavushwa kwenye nchi aliyoiacha akiwa mtoto wa mgongoni. Evaline alizunguka maofisini na mwanasheria mpaka viatu vikaisha soli. Kila mlango alijibiwa lilelile: "Daktari, ushahidi si umetuletea wewe?" Kabla ya mvua za vuli tukapata habari kwamba Mzee Havyarimana amefariki kwa homa, nyumbani kwa watu wasiomhusu. Sikuwahi kuona kifo cha kijinga kama hicho, na hadi leo nikikikumbuka nashikwa na hasira.

Evaline alipokuja kuhani nilimsindikiza. Josephina alitupikia ugali na maharage, akasubiri tumalize kula. Evaline akapiga magoti, akalia, akaomba msamaha. Mama yule akamshika mkono akamwinua.

"Inuka, mwanangu. Sina kinyongo nawe. Ulimpenda, hata yeye alikuwa anasema."

Evaline akaanza kushukuru. Josephina akamkatiza.

"Ila kwangu usije tena. Watu wanaangalia nyumba unazoingia. Juzi wamekuja kuniuliza marehemu mama yangu alizaliwa wapi."

"Ukawajibu nini, mama?"

"Mimi nijue? Sikuwepo."

Alichungulia barabarani, kisha akatutoa kwa mlango wa nyuma, tukapita migombani.