Gunia la Mchele kwa Mkuu wa Idara

Baba yangu hajawahi kunitakia mabaya hata siku moja. Siku aliyonivurugia mwaka wangu wa mwisho wa chuo alikuwa amevaa koti lake la kanisani, ana gunia la mchele, na anatabasamu. Ngoja nieleze vizuri, maana watu wakiisikia hadithi hii juu juu hucheka tu, na mimi siku ile sikucheka.

Kwetu ni Njisi, Kyela, mpakani kabisa. Tunalima mpunga na kakao na migomba, na ndugu za mama wengine wako huku, wengine wako ng'ambo ya mto, Malawi. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Mwaka wa tatu ulipofika nikachagua kufanya utafiti juu ya kitu ninachokijua tangu nikiwa nabebwa mgongoni, yaani namna akina mama wa kwetu wanavyoivundika kakao ndani ya majani ya migomba, siku ngapi, na kwa nini ya huyu huwa nzuri na ya yule huwa chungu. Nikapangiwa msimamizi, mhadhiri msaidizi wa miaka thelathini na moja, hana mke, mpole mpaka anakera. Huyo ndiye leo baba wa watoto wangu, kwa hiyo mkinisikia namtetea mjue sababu.

Hakunilazimisha kitu. Kama kuna aliyeanza, basi ni mimi. Alikuja Njisi kukagua utafiti, mama akamtolea kiti, naye badala ya kukaa akakunja mikono ya shati akaingia kugeuza kakao pamoja na akina mama. Alitoka pale ananuka uchachu mpaka kwenye nywele, anacheka peke yake. Nikamwangalia nikajisemea, we dada, umekwisha.

Sasa, chuo kilikuwa na sheria. Ilikuwa ndani ya mwongozo wa wanafunzi, ule tuliousaini wote wiki ya kwanza bila kuusoma kwa haraka ya kupata vitambulisho. Mwalimu haruhusiwi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi anayemfundisha. Ikitokea, atoe taarifa kwa maandishi, na kuanzia hapo asimsimamie wala asiguse kazi yake. Mimi sheria hiyo sikuijua. Yeye aliijua. Aliniambia tu, "Tusubiri nimalize kusahihisha, halafu tutajitokeza." Nikaona ni busara. Mapenzi bwana, yanakufanya uone busara mahali pasipo na busara.

Tukajificha, lakini mapenzi ni kikohozi. Shangazi yangu, anayeuza vitenge Kyela mjini, alituona pamoja mtaa wa Bondeni akanibana siku hiyohiyo. "Huyu mwanaume ana nia, au anapita tu?" Nikamfikishia mwenzangu maneno kama yalivyo. Maskini wa Mungu, kwa kutaka aonekane ana nia, akaleta posa mbiombio: mshenga, barua ndani ya bahasha nyeupe, kanga za mama. Wakati huo alikuwa ameshaupa utafiti wangu A, ila idara ilikuwa haijapitisha matokeo.

Hapo ndipo baba alipofanya kosa lake, na haki ya Mungu, sidhani kama mzazi wa mahali pengine angelifanya. Kwetu, binti akilelewa na shangazi au mama mdogo, posa ikija nyumba ile hairukwi, hata kama alikaa mwaka mmoja. Wazazi wanakwenda wenyewe na kitu mkononi, wanashukuru. Wasipokwenda wanaonekana watu wasio na fadhila. Basi baba akakaa akawaza: mwanangu miaka mitatu amelala wapi? Amekula wapi? Na mume kampatia wapi? Chuoni. Kwa hiyo chuo ni nyumba iliyomlea. Hakuniuliza, na mama naye aliambiwa tu kwamba baba anataka gunia zima la mchele mpya, ule wa kunukia. Akapanda basi la kwanza.

Mimi nilikuwa kwenye kibaraza cha maktaba na wenzangu. Bajaji ikaingia getini, gunia limekalia kiti cha nyuma, mzee kabanwa pembeni. Mwenzangu mmoja akasema, "Huyo mzee anahamia?" Nikacheka na mimi. Kisha nikalitambua lile koti.

Nilikimbia, lakini nilipofika mlangoni kwa mkuu wa idara nilikuta baba ameshaketi na gunia liko katikati ya chumba. Mkuu wa idara alikuwa mama wa makamo ambaye sote tulimwogopa kwa sababu hakuwahi kupaza sauti. Baba aliponiona uso ukang'aa, akaendelea na hotuba yake. "Ndaga fijo, mama. Nashukuru sana. Mmenilelea mtoto, na mkwe mmenipatia humuhumu ndani. Mwalimu wake wa utafiti! Barua tumeshapokea."

Jamani! Nilisikia masikio yanaungua.

Mkuu wa idara hakucheka wala hakukunja uso. Alimwita mhusika. Akaja na kalamu ya ubaoni bado mkononi, akaliona gunia, akamwona baba, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na kazi yake uliisahihisha lini?"

"Wa saba."

Akamgeukia baba kwa upole. "Mzee wangu, mchele huu sitaweza kuupokea."

Baba akasimama. Kumkatalia mtu wa Kyela mchele wake ni kumkataa yeye na baba yake na shamba lake. "Mchele huu mama, watu wanausafiria!"

"Najua, mzee. Lakini nikiupokea leo, kesho nikisema binti yako amefaulu, nani ataniamini?" Akamweleza sheria ile kama inavyopaswa kuelezwa, na mimi ndiyo nikaisikia kwa mara ya kwanza.

Baba hakuikubali. "Huyu hana mke. Huyu hana mume. Wote watu wazima, na wamekuja kwa mlango wa mbele. Kosa liko wapi?"

"Mzee, nimewahi kuwa na binti hapa, alimkataa mwalimu wake. Akafelishwa somo moja mara mbili, akarudi kwao. Sheria hii tuliiweka kwa ajili ya yule. Hawa wawili huenda wanapendana kweli, mimi sibishi. Lakini nikimwachia huyu kwa sababu ni mpole, wa kesho naye atasema ni mpole."

Baba akakaa tena. Alipoanza kusema alikuwa anaangalia sakafu. "Kwetu sisi, mke wa mwanangu akiniona njiani anaacha njia, anajibanza migombani mpaka nipite. Jina langu hatamki. Siku hizi watoto wanacheka, lakini mke wa mwanangu mkubwa bado anafanya hivyo, na mimi namshukuru. Yeye si mbaya, na mimi si mbaya. Ila boma ni langu, na siku nikimkosea hana pa kukimbilia." Akainua kichwa. "Kumbe na ninyi mna mwiko."

"Tunao, mzee."

Akamgeukia mchumba wangu. "Wewe uliujua?"

"Niliujua, mzee."

"Ukaniletea barua kwenye bahasha nyeupe."

Afadhali angemchapa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Yeye aliitwa kwenye kamati, akapewa onyo kwa maandishi na kuondolewa kwenye usimamizi wa wanafunzi kwa mwaka mzima. Posa baba hakuirudisha, ila alisema ikae kwanza. Na A yangu ikafutwa. Kazi ingesomwa upya na watu wawili wa chuo kingine, na wasipomaliza kwa wakati, mahafali yangenipita. Hosteli nzima ilishajua. Wasichana niliokuwa nawapikia wali wakaanza kuniita "shemeji" na kuuliza kama na mtihani niliufanyia chumbani. Siku ileile ya gunia, stendi, nikimsindikiza baba na mchele wake, nilikuwa nimemlipukia mbele za watu. "Baba, umeniua!"

"Nimekuua," akanijibu, "au nimekukuta umeshajiua?" Kisha akanipa nauli ya kurudi chuoni na akapanda basi.

Nilipomaliza mitihani nilirudi nyumbani kusubiri. Nilianika kakao, nikageuza kakao, nikaulizwa na kila mpita njia mahafali ni lini. Hakuna aliyejua kilichokuwa kinanitafuna. Haikuwa aibu. Aibu unaizoea. Nilikuwa najiuliza kama ile A ilikuwa yangu. Niliitoa ile kazi nikaisoma tena na tena, na ukurasa niliouona mzuri asubuhi, jioni niliuona takataka. Miezi minane nimehangaika na akina mama wale, nimepima, nimeonja, nimeandika, halafu sijui kama nina akili au nina sura tu. Hilo liliniuma kuliko kufutiwa A, na lilinifanya nimchukie mtu niliyempenda.

Yeye akaja Njisi mwenyewe, bila mshenga, kumwomba baba radhi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, mama na mimi tumekaa. Kisha akamuuliza swali ambalo mimi nilikuwa nimeshindwa kumuuliza.

"Ile alama uliyompa mwanangu, aliistahili?"

Nilimwombea aseme ndiyo. Hata kwa kudanganya, aseme tu.

Alijifuta jasho usoni. "Sijui, mzee," akasema. "Nilipokuwa nasoma nilikuwa nasikia sauti yake. Kila sentensi niliiona nzuri. Nilipaswa kumpa mwingine asome."

Nilinyanyuka nikaenda shambani, nikalia mpaka nikachoka. Nilimlaani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba angesema ndiyo siku ile, nisingemwamini tena maisha yangu yote. Baba alielewa kabla yangu, maana nilirudi nikamkuta anamwambia mama ampakulie mgeni ugali.

Simu ya mkuu wa idara ilinikuta uwanjani, mikono imejaa utelezi wa kakao mbichi. Mama ndiye aliyenishikia simu sikioni.

"Wote wawili wamemaliza," akasema. "Umepata B+."

Nikamwashiria Mama aisogeze simu zaidi.

"Unanisikia? B+. Jina lako lipo kwenye orodha ya mahafali."

"Mama," nikamuuliza mkuu wa idara, "waliosahihisha wananijua?"

"Hawakujui. Jina tulilifuta. Waliona namba tu."

Nikakaa palepale juu ya mkeka, juu ya kakao, nikaanza kulia kwa sauti. Mama akatupa simu, akanishika mabega, naye machozi yameshamtoka. "Basi, mwanangu, basi. Mtu kufeli si kufa."

"Sijafeli, Mama," nikamwambia. "Nimefaulu. Wamenifaulisha watu wasionijua kabisa."